Je, Mgonjwa wa Kisukari Amekosa Kiasi?

Soma kwa ajili ya somo hili: Yohana 9:1–3; Zaburi 139:13–16; 1 Wakorintho 4:7; 1 Wakorintho 12:14–26; Isaya 38:1–5, 21; Wagalatia 6:1–5.

Sabato moja, baada ya ibada kuu, nilikuwa kwenye meza ya chakula cha pamoja nikiwasaidia mashemasi kugawa. Mwalimu wetu wa darasa la watoto alifika na sahani yake, akaomba aongezewe upawa mmoja wa wali. Sote tulijua kwamba ana kisukari. Kwa mzaha, na kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni, nikamwambia, "Mwalimu, na wali wote huo? Kumbuka lesoni ya kiasi." Watu wakacheka. Naye alicheka kidogo, akaiweka sahani mezani, akaenda zake.

Sabato mbili zilizofuata aliondoka mara tu baada ya sala ya kufunga. Sabato ya tatu hakufika nyumbani. Mwenye duka alimkuta ameketi kando ya njia, akitetemeka na kutokwa jasho, akizungumza maneno yasiyoeleweka. Kwa bahati njema mtu yule aliwahi kuiona hali hiyo kwa mama yake, akampa soda, na baada ya robo saa fahamu zikatulia. Tulipokwenda kumtazama alitueleza. Kila asubuhi, kama alivyoelekezwa kliniki, hujichoma sindano ya insulini, na insulini ile huendelea kufanya kazi hadi mchana. Asipokula kwa wakati, sukari ya damu hushuka mno. Wali nilioufanyia mzaha ulikuwa sehemu ya matibabu yake.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nimefundisha habari za kiasi kwa miaka mingi, na ninaamini bado kwamba sahani zetu ni sehemu ya ibada yetu. Lakini tangu siku ile nimejiuliza swali ambalo napenda tulijadili pamoja: Tunapomtazama mtu mwenye kisukari na kusema moyoni kwamba amekosa kiasi, ni jambo gani hasa tunalolijua?

Soma Yohana 9:1–3. Wanafunzi walikuwa na hakika ya jambo gani kabla hata hawajauliza swali lao?

Hawakuuliza kama kuna aliyetenda dhambi. Hilo kwao lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Walitaka kujua tu ni nani, yeye au wazazi wake. Yesu hakuchagua jina moja kati ya mawili waliyompa. Aliliondoa swali lenyewe, kisha akamhudumia yule mtu. Tungefanya vyema kukumbuka utaratibu huo tunapotazama sahani ya mwenzetu.

Mwili hujuaje kwamba umekula?

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba viungo vya mwili huamrishwa na neva peke yake. Mwaka 1902, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zilizounganisha kipande cha utumbo wa mbwa na sehemu nyingine za mwili, kisha wakatia asidi ndani ya kipande hicho, kama ile inayotoka tumboni pamoja na chakula. Kongosho, ambalo sasa halikuwa na neva ya kuleta habari kutoka utumboni, lilitoa maji yake ya kusaga chakula kama kawaida. Habari ilikuwa imepita katika damu. Utumbo ulikuwa umetuma mjumbe. Mjumbe huyo wakamwita sekretini, na mwaka 1905 Starling akaanza kutumia neno homoni, kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya kuchochea au kuamsha.

Mwaka 1964 watafiti nchini Uingereza na Marekani walionyesha jambo lingine la ajabu. Mtu akinywa glukosi, mwili wake hutoa insulini nyingi zaidi kuliko anapotiwa glukosi kwa dripu mshipani. Hata sukari ya damu ikipandishwa kwa kiwango kilekile kwa njia zote mbili, ile iliyopita mdomoni na utumboni huamsha insulini zaidi. Kwa mtu mwenye afya, zaidi ya nusu ya insulini inayotoka baada ya kunywa glukosi inaweza kuwa imetokana na habari iliyotumwa na utumbo.

Wajumbe wanaofanya kazi hiyo huitwa inkretini, nao wanaojulikana zaidi ni wawili. Wa kwanza, GIP, hutoka sehemu ya juu ya utumbo mwembamba. Wa pili, GLP-1, hutoka zaidi sehemu ya chini ya utumbo mwembamba na katika utumbo mpana. GLP-1 huliambia kongosho litoe insulini, lakini hufanya hivyo sukari ya damu inapokuwa imepanda. Sukari ikirudi mahali pake, msukumo wake hupungua. Hulizuia ini lisipewe amri ya kumwaga sukari zaidi. Hupunguza mwendo wa chakula kutoka tumboni. Nao ubongo huambiwa kwamba mtu ameshiba. Baada ya dakika mbili hivi, nusu ya homoni hiyo huwa imekwisha kuvunjwa katika damu.

Soma Zaburi 139:13–16. Daudi alimsifu Mungu kwa jinsi alivyoumbwa mahali pa siri, bila kuyajua haya tuliyoyasimulia. Je, kuyajua kunaongeza nini katika sifa zetu?

Mjumbe anapofika asisikiwe

Mwaka 1986 watafiti wa Ujerumani, Michael Nauck na wenzake, waliripoti kwamba kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili tofauti ile kati ya glukosi ya kunywa na glukosi ya dripu imepungua sana. Mwanzoni mtu angeweza kudhani kwamba utumbo wao umeacha kutuma wajumbe. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa wengi utumbo huendelea kutuma. Shida kubwa iko kwenye kongosho: seli zinazotengeneza insulini haziitikii wito kama zamani. GIP karibu haisikiki kabisa. GLP-1 husikika, lakini kwa shida, mpaka iongezwe kupita kiwango cha kawaida.

Hebu tufikiri maana yake mezani. Watu wawili wameketi pamoja na kupakuliwa ugali, maharage na sukuma wiki kwa kipimo kilekile. Kwa mmoja, mjumbe anabisha hodi na mlango unafunguliwa mara moja: insulini inatoka, ini linatulia, sukari inarudi mahali pake. Yeye hana habari. Anaendelea na mazungumzo. Kwa mwingine, mjumbe yuleyule anabisha na aliye ndani hasikii vizuri. Baada ya saa mbili kipimo cha mmoja kitaonyesha sukari ya kawaida, na cha mwingine kitaonyesha sukari iliyopanda sana. Sahani zilikuwa sawa. Mtu akiwahukumu kwa kipimo cha damu, atasema mmoja ana kiasi na mwingine hana.

Ndiyo maana tuyatafakari maneno ya Paulo katika 1 Wakorintho 4:7, ambapo anawauliza Wakorintho wana kitu gani ambacho hawakupewa. Mimi ninayesimama kufundisha kiasi nina kongosho linalosikia. Ninapoweka kijiko chini na kusema, "Asante, nimetosheka," sehemu ya neno hilo imetamkwa kwanza na utumbo wangu. Sikuutengeneza, wala sikuusomea. Nimekuwa nikiita ushindi wangu kile ambacho kwa sehemu ni zawadi, na kwa zawadi hiyo nikampima dada yangu.

Inafaa pia tutofautishe. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kinga ya mwili yenyewe huziharibu seli zinazotengeneza insulini. Hakuna chakula ambacho mtoto huyo au mama yake angekiacha ili kuuzuia. Kumwambia mzazi wake habari za pipi na soda ni kumwongezea jeraha.

Je, basi chakula hakina neno?

Mtu anaweza kusema: "Mzee, ukiendelea hivi utaondoa wajibu wote. Kila mlafi atasema ni homoni." Pingamizi hilo lina nguvu, nasi tusilikwepe. Biblia haiuchukulii ulafi kwa wepesi, na Danieli pamoja na wenzake hawakuomba mboga na maji kwa sababu chakula hakina neno.

Kati ya Waadventista wa Marekani na Kanada umefanywa uchunguzi mkubwa wa afya. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2009, yaliyohusu watu zaidi ya 60,000, waliokula nyama kwa kawaida walikuwa na kisukari cha aina ya pili kwa kiwango cha asilimia 7.6. Wale wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa walikuwa na asilimia 2.9. Hata watafiti walipozingatia uzito wa mwili na mambo mengine ya maisha, tofauti ilibaki. Uchunguzi wa namna hii peke yake hauthibitishi kila sababu, lakini unaafikiana na yale tuliyofundishwa.

Tunapenda kuitaja namba ya pili, na tuna haki ya kufurahi. Lakini tuisome yote. Asilimia 2.9 maana yake ni kwamba katika kila watu 100 walioacha nyama, mayai na maziwa, karibu watu 3 walikuwa na kisukari. Hao ni ndugu waliotii kwa kadiri ya nuru waliyopewa, wakaugua. Urithi wa familia, umri, uzito, kukaa bila kazi ya mwili, pamoja na mambo tusiyoyaona, yote huingia. Namba hizo mbili zinatufundisha mambo mawili kwa pamoja: chakula kina uzito mkubwa, na chakula si hakimu wa moyo wa mtu.

Kuna mengine madogo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mwaka 2015, jijini New York, watafiti waliwapa watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili mlo uleule siku mbili tofauti. Siku moja walianza na mkate na maji ya machungwa, kisha kuku na mboga. Siku nyingine walianza na kuku na mboga, na vyakula vya wanga vikafuata dakika 15 baadaye. Siku ya pili sukari yao, nusu saa na saa moja baada ya mlo, ilikuwa chini kwa zaidi ya robo. Kundi lilikuwa dogo, lakini uchunguzi uliofuata uliona kwamba wanga ukiliwa mwisho, GLP-1 huongezeka zaidi. Nchini Ugiriki, watu wenye afya waliokula aiskrimu kwa dakika 30 badala ya 5 walipata homoni za kushiba nyingi zaidi. Kumbe ushauri wa kula polepole na kutafuna vizuri una msingi ndani ya utumbo.

Wajibu, basi, upo. Lakini tuangalie ni wa namna gani. Hatuwajibiki kwa kongosho tulilopewa. Tunawajibika kwa kile tunachofanya nalo, kila mtu kwa kadiri ya alichonacho.

Soma Wagalatia 6:1–5. Katika mstari wa 2 na mstari wa 5, je, Paulo anajipinga mwenyewe?

Katika mstari wa 2 tunaambiwa tusaidiane kubeba, na katika mstari wa 5 kila mtu ana chake cha kubeba. Kiyunani kina maneno mawili tofauti hapo. La kwanza hutaja uzito unaomlemea mtu, na la pili hutaja shehena ambayo ni ya mtu kuibeba. Mwenye kisukari ana cha kwake: kumeza dawa au kuchoma sindano, kupima sukari, kutembea, kuchagua, kurudi kliniki hata siku asiyotaka kusikia majibu. Hakuna anayeweza kumfanyia hayo. Lakini aibu, upweke, gharama ya dawa, na meza iliyojaa wanga mtupu ni uzito ambao kanisa linaweza kuuinua au kuuongeza. Siku ile mimi niliuongeza.

Na dawa je?

Katika makusanyiko yetu husikika pia swali hili: kama homoni ya kushiba sasa inatolewa kwa sindano, je, mtu anayekula kidogo kwa sababu ya sindano ana kiasi kweli?

Historia ya dawa hizo inaanzia mahali pasipotarajiwa. Katika sumu ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila, Dkt. John Eng wa New York aligundua kitu kinachofanana na GLP-1 ambacho hakivunjwi upesi katika damu. Aliripoti mwaka 1992. Kutokana nacho ikatengenezwa eksenatidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa ajili ya kisukari cha aina ya pili. Nyingine zimefuata, kama semaglutidi. Hizi huongeza sauti ya mjumbe mpaka asikiwe. Zina madhara yake, hasa kichefuchefu na kutapika, bei yake huwashinda wengi wetu, na si za kila mgonjwa. Hayo ni ya kuzungumza na daktari.

Kuhusu kiasi, nadhani swali lenyewe lina kasoro. Linachukulia kwamba mwenye afya hushinda kwa nguvu zake peke yake na mgonjwa hushinda kwa msaada. Tumekwisha kuona kwamba mwenye afya naye anasaidiwa, kila mlo, na homoni ileile. Tofauti ni kwamba msaada wake hauna lebo ya duka la dawa. Kama kula kwake kwa kiasi ni kweli, basi kwa nini kwa mgonjwa kuwe ni udanganyifu?

Soma Isaya 38:1–5 na mstari wa 21. Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akaahidi kumwongezea miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ya Mungu haikuifanya tini kuwa kosa, wala tini haikupunguza utukufu wa ahadi. Mtu asiache dawa ili kuthibitisha imani yake, na asiwepo miongoni mwetu atakayemshauri hivyo.

Tuliyoyabadilisha

Nilikwenda kumwomba Mwalimu msamaha. Aliniambia, "Mzee, wewe ulisema mara moja tu. Mimi hujiambia maneno hayo kila siku." Nilikuwa nimedhani kwamba namkumbusha jambo alilolisahau. Kumbe nilikuwa nimemwunga mkono yule mshitaki aliyekuwa akimwandama tangu asubuhi.

Baraza la kanisa lilikaa, na mabadiliko hayakuwa makubwa. Mboga na maharage sasa viko mwanzoni mwa meza, na wali na ugali viko mwisho. Kila mtu hupita kwa utaratibu huo, kwa hiyo hakuna anayeonekana. Maji yapo mahali palipokuwa na juisi ya kuongezwa sukari. Matangazo yamefupishwa, maana ibada ikiisha saa nane mchana, aliyechoma sindano alfajiri yuko hatarini. Tumewafundisha mashemasi dalili za sukari kushuka. Tunaendelea kufundisha kwamba si vyema kulakula kati ya milo, lakini pia tumesema wazi kwamba mwenye kutetemeka na kutokwa jasho kwa sababu ya sukari kushuka apewe kitu chenye sukari papo hapo, hata kama ni katikati ya hubiri. Na kipo chumba chenye mlango, ili asiwepo wa kujichoma sindano chooni.

Soma 1 Wakorintho 12:14–26. Paulo anasema jicho haliwezi kuukana mkono, na kiungo kimoja kikiumia vyote huumia. Mwili wa Mwalimu una kiungo ambacho hakisikii vizuri kingine kinapoita. Mimi nilikuwa kiungo cha namna hiyo katika kanisa langu. Sabato iliyopita alisimama mbele yangu tena na sahani. Nilimpakulia alichoomba, nikamtakia Sabato njema.

Maswali ya kujadili

1. Wanafunzi katika Yohana 9 waliunganisha ugonjwa na dhambi. Ni magonjwa gani leo ambayo kanisa huyaunganisha na dhambi kwa haraka, na ni yapi huyaonea huruma tu? Tofauti hiyo inatoka wapi?

2. Kama sehemu ya kiasi cha mtu mwenye afya ni zawadi ya mwili wake, je, bado inafaa kukiita tunda la Roho? Eleza jibu lako kwa Maandiko.

3. Tunawezaje kufundisha ujumbe wa afya kwa nguvu zote bila kumwaibisha aliyekwisha kuugua? Toeni mfano mmoja wa maneno ya kusema na mmoja wa maneno ya kuacha.

4. Itazameni meza ya chakula cha pamoja ya kanisa lenu. Mtu mwenye kisukari akifika hapo bila kujulikana, ataweza kula salama? Ni jambo gani moja mnaweza kulibadilisha kabla ya Sabato ijayo?

5. Je, kuna mtu ambaye maneno yako kuhusu chakula, uzito au ugonjwa wake yalimjeruhi? Utafanya nini juma hili?